Shingo ya Pili

Walimwita Nzito, na si kwa sababu ya mwili, maana alikuwa mwembamba kama ufito. Walimwita hivyo kwa sababu ya gita lake la besi. Katika bendi ya mtaani kwao wenzake walipiga nyuzi nyembamba wakashangiliwa, yeye akasimama nyuma karibu na ngoma, akishusha zile sauti nene ambazo watu hawazitambui mpaka zinyamaze. Kisha mama yake akaanguka bafuni, akapooza upande mmoja. Nzito ndiye aliyekuwa hana mke wala watoto, basi akahamishia godoro lake chumbani kwa mama. Alimlisha, alimgeuza, alimwosha. Gita likaegemezwa nyuma ya kabati, kwenye ukuta wenye unyevunyevu, na mpaka siku mama anafariki shingo ya gita ilikuwa imepinda haifai tena.

Siku ya msiba Nzito alipanga viti. Aliviazima kwa majirani, akavipanga, akavirudisha, akaosha vikombe vyote mwenyewe. "Kijana ana moyo huyu," watu walinong'ona. "Amejikaza kweli." Yeye alikuwa anasubiri tu. Alidhani kilio kitakuja wageni wakishaondoka, kama usingizi unavyokuja taa ikizimwa. Wageni wakaondoka, taa ikazimwa, na hakuna kilichokuja. Akarudi kwenye kazi yake ya kutengeneza friji. Akafungua friji za watu, akazifunga. Chakula kilikuwa chakula, mvua ilikuwa mvua.

Aliyechoka kwanza ni dada yake mkubwa, aliyekuwa amerudi kukaa naye.

"Mdogo wangu," alimwambia, "unaishi humu ndani kama mpangaji aliyepewa notisi. Nenda katafute gita."

"Gita lipo."

"Lile? Lile ni la kuangulia maembe. Kuna fundi anatengeneza kwa mkono, kule nyuma ya wachomelea vyuma. Nimeshaongea naye, anakungoja."

"Sawa," akasema Nzito. Siku hizo alijibu sawa kwa kila kitu. Ilikuwa njia ya mkato.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja. Ukutani magita yasiyo na nyuzi yalining'inia kama kuku walionyonyolewa. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mnene, miwani imefungwa kwa uzi, nywele zimejaa unga wa mbao hata hukujua mvi ni zipi.

"Wewe ndiye mdogo wake yule mama mwenye maneno mengi?"

"Ndiye mimi."

"Karibu. Unataka besi yenye sauti gani?"

"Yoyote."

Fundi akaweka patasi chini. "Yoyote ziko dukani, ndugu yangu. Zimejaa tele." Akavuta mbao mbili kutoka kwenye rundo, akaigonga ya kwanza kwa kifundo cha kidole. "Sikiliza. Hii unaionaje?"

"Sawa."

Akagonga ya pili. "Na hii?"

"Sawa pia."

"Hivi umekuja kununua gita au umekuja kupiga mhuri?"

Nzito hakukasirika. Alijua pale palikuwa na mahali pa kucheka, akapaacha papite. Fundi akaushika mkono wake wa kushoto, akauzungusha kwenye kipande cha mti, akachora kwa penseli pale vidole vilipofikia. Alichagua mwenyewe: mvule kwa mwili wa gita, mninga kwa shingo.

"Utakuwa unakuja kila Jumamosi," alisema. "Shingo naichonga mwenye gita akiwepo, naipima kwenye kiganja chake. Usipokuja, usije ukanilaumu nikikutengenezea ya mtu mwingine."

Basi Nzito akawa anaenda. Hakwenda kwa hamu. Alikwenda kwa kuwa Jumamosi ilifika na miguu ilijua njia. Lakini kuna jambo moja aliligundua: pale karakana hakuna aliyemuuliza anaendeleaje. Fundi alimpa kigoda na kipande cha msasa, wakafanya kazi. Fundi aliongea na mbao. "Geuka, mama. Usinifanyie hivyo, mimi na wewe tumetoka mbali." Mara moja moja akamwambia Nzito ashike, aachie, afumbe macho apapase. Nzito akashika, akaachia, akapapasa. Harufu ya gundi ilimfuata mpaka nyumbani, na dada yake akasema heri hiyo kuliko kunuka gesi ya friji.

Shingo ilikuwa karibu kukamilika siku ilipopasuka. Fundi alikuwa anapitisha randa taratibu, mara za mwisho mwisho, randa ikakuta kifundo kilichojificha ndani ya mti. Ukasikika mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti. Ufa ukakimbia kutoka kichwani mpaka katikati. Fundi akaitupa randa sakafuni, akatukana mti, akautukana msitu ulikotoka, kisha akaketi na kushika kichwa.

"Kazi yote ile!"

Nzito akainama, akautazama ufa. "Si kitu," akasema.

Fundi akainua uso. "Nini?"

"Nasema si kitu, fundi."

"Si kitu! Tumeihangaikia hii wote wawili, inapasuka mbele ya macho yako, na wewe unaniambia si kitu kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Hivi wewe, katika dunia hii, kuna jambo lolote linalokuuma?"

Halikuwa swali la kujibiwa, lakini Nzito alilichukua kama swali. Alilifikiria kweli kweli, amesimama na msasa mkononi.

"Hapana," alisema. "Mama yangu alifariki. Nilimuuguza mimi, nilijua kila kovu mwilini mwake. Alipokata roho nilikuwa nakunja shuka lake. Nikamaliza kulikunja. Halafu nikaenda kumwita dada, halafu nikapanga viti. Tangu siku ile nangoja, fundi. Hakuna kinachokuja. Naona labda sikumpenda."

Nje mchomelea vyuma alikuwa anapiga nyundo. Fundi akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, ikazidi kuchafuka. Nzito akajiandaa kupewa pole, kama mtu anavyojiandaa kudungwa sindano.

"Hilo shuka," akauliza fundi, "ulilikunja vizuri?"

"Pembe kwa pembe. Alikuwa hataki shuka lililokunjwa ovyo."

Fundi akatikisa kichwa kukubali, akavaa miwani. Akaenda kwenye rundo, akarudi na mti mwingine wa mninga. "Haya, nishikie upande huo," alisema. Wakaanza shingo ya pili.

Hiyo haikupasuka. Ilipoungwa na mwili, ikapakwa mafuta, ikafungwa nyuzi, fundi aliichomeka kwenye amplifaya kuukuu, akasogea kando. Nzito akapiga noti moja. Aliisikia ikitoka, nene na safi, ikipita ndani ya meza mpaka misumari ikatetemeka kwenye kopo lake. Alijua ni sauti nzuri, kama unavyojua chai ni ya moto kwa kuona mvuke. Akaendelea kupiga. Akapitia nyimbo za bendi, zote, bila kupumzika, hata fundi akakaa kwenye kigoda na kufumba macho.

"Ndugu yangu," fundi alisema baadaye, "unanichafulia nyuzi."

Nzito akatazama. Vidole vyake, vilivyolainika kwa kufua na kuosha, vilikuwa vimetoka malengelenge na moja limepasuka.

"Inauma?"

"Inauma," akajibu, na akashangaa jinsi jibu lilivyotoka haraka. "Ndiyo. Gita nalichukua."

Jioni aliketi chumbani kwa mama, kwenye kitanda kisicho na shuka, akapiga polepole bila amplifaya. Dada yake akaja, akaketi sakafuni na mgongo ukutani, akaanza kulia. Nzito alimtazama. Yeye hakulia. Aliendelea kupiga, vidole vikimchoma.

"Unakumbuka mama alivyokuwa akigonga ukuta wewe ukipiga gita?" dada aliuliza, akijifuta pua kwa kanga.

"Alikuwa anataka ninyamaze."

"Nani kakwambia? Alikuwa anacheza! Ndiyo mapigo yake yale."

Mkono wa Nzito ukasimama juu ya nyuzi. "Yale mapigo?"

"Yale."

"Lakini alikuwa anagonga ovyo kabisa, dada. Hakuwahi kupatia hata mara moja."

"Hata moja," dada akakubali.

Pumzi ikamtoka Nzito puani, kitu kama robo ya kicheko, na wote wawili wakakisikia. Dada akaogopa kukishtua. Akainuka kwenda kuepua chungu, na nyuma yake besi ikaanza tena.