Saa Sita ya Ndeti

Shemeji yangu Ndeti hajui saa. Simsingizii. Anakaa Syokimau, anafanya kazi ya kompyuta, na akikwambia kwa Kiswahili kwamba atafika saa nne, anamaanisha ile nne ya Kizungu, yaani saa kumi jioni. Krismasi iliyopita tulimchinjia mbuzi tukamngoja tangu saa nne asubuhi, na alipoingia nyama ilikuwa imeshapashwa moto mara tatu. Mtu mzima, ana shahada, hajui saa! Nilimsema mwezi mzima, mpaka mke wangu Syokau, ambaye ni dada yake, akaniambia nimwache kaka yake apumue.

Syokau ni daktari wa mifugo. Bila gari hana kazi, maana ng'ombe wa Mwala hawezi kuletwa hapa kwetu Kola kwa bodaboda. Sasa kwa wiki tatu hivi, gari lake likiwashwa asubuhi lilikuwa linapiga kelele upande wa mbele wa injini, kama mtu anayetikisa misumari ndani ya debe. Nilijua mara moja. Cheni ya taimingi ilikuwa imelegea. Hiyo ndiyo cheni inayofunga sehemu ya chini ya injini na ya juu ziende pamoja, pistoni zikipanda valvu ziwe zimeshapisha. Mpangilio huo ukiharibika, pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda, na injini imekwisha.

"Nitaibadilisha mwenyewe, hapa hapa nyumbani," nilimwambia.

"Baba Mwelu, wewe ni wa mashine ya posho."

"Injini ni injini."

"Hata jenereta ya kanisa ilikuwa injini."

Hapo alinikata maini. Ni kweli, jenereta ya kanisa niliiua mimi. Niliifungua bila kumuuliza mtu, nikaifunga bila kumuuliza mtu, na Pasaka hiyo padre alihubiri kwa koo lake mwenyewe hadi likakauka. Nimewasagia watu wa Kola mahindi miaka ishirini na miwili, mashine yangu naitengeneza mwenyewe, na kuuliza si tabia yangu. Kuuliza kunaniwasha mwili mzima.

Syokau hakucheka. "Jumatatu niko na mbuzi mia tatu Mwala zinaningoja nizidunge chanjo," alisema. "Watu wameshaambiwa wazifunge. Ukiniharibia hiyo gari nitawaambia nini?"

Nilimwahidi kwamba Jumatatu asubuhi ataendesha gari lake mwenyewe hadi Mwala. Niliahidi kwa sauti kubwa, kama kawaida yangu.

Jumamosi nilifungua kila kitu. Nilimwaga oili, nikatoa puli, nikatoa kifuniko cha mbele kilichokuwa kimegandishwa kwa silikoni kama kimechomelewa, na cheni ya zamani ikatoka ikining'inia. Matatizo yalianza Jumapili baada ya kanisa, nilipotaka kufunga mpya. Cheni nyingine huja na viungo vya rangi vya kukuongoza. Yangu ilikuwa nyeusi tititi. Ilibidi nijue alama ya gia ya juu inaangalia wapi, na alama ya gia ya chini inaangalia wapi, na kitabu cha gari kilikuwa kwenye kompyuta ya Ndeti. Nilimpigia simu huku nimekunja uso, utadhani ananiona.

"Shem, niaje!" Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kuamka. "Ngoja nifungue hiyo manual. Haya. Gia ya juu, alama iangalie juu. Ya chini, alama iwe saa sita. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Na ukimaliza usiguse starta. Zungusha kwanza na spana, kwa mkono, mara mbili kamili."

"Ndeti, mimi si mtoto."

Nilikata simu. Nikachuchumaa mbele ya injini, nikafikiri. Saa sita. Ingekuwa mtu mwingine ameisema, ningeiweka juu, mahali mishale inapokutana adhuhuri. Lakini huyu ni Ndeti! Saa nne yake ni saa kumi. Kwa hiyo sita yake ni ile sita iliyoandikwa kwenye saa ya ukutani, na hiyo iko chini kabisa. Tena ikaingia akilini vizuri: alama ya juu juu, alama ya chini chini. Nilijipongeza kwa kumwelewa. Nikaizungusha gia ya chini hadi alama yake ikaangalia ardhi, nikavisha cheni, nikafunga kikazio chake, nikapangusa mikono.

Betri ilikuwa bado imeunganishwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nasema ukweli, nilitaka kuliwasha kidogo tu, sekunde moja, nisikie. Nilikuwa nimeshafungua mlango wa dereva. Kisha nikaliona sanduku la chanjo la Syokau juu ya ukuta wa tangi la maji. Alikuwa ameliosha, amelipindua likauke, na gambuti zake ziko chini yake, safi, tayari kwa Jumatatu. Sijui kwa nini liliniuma vile. Nilirudi mbele nikachukua spana.

Nilizungusha polepole. Ilikwenda robo mzunguko, na kidogo zaidi, kisha ikakataa. Haikuwa ule uzito wa kawaida wa injini. Ilikuwa chuma kimegusa chuma. Niliachia spana kama imenichoma, nikakaa chini kwenye oili na suruali yangu ya kanisani. Nilikuwa naogopa, na sioni haya kusema. Mbuzi mia tatu, wenyewe wamezifunga tangu alfajiri, na mke wangu amesimama barabarani na sanduku.

Nilikaa hapo dakika kumi nzima nikitafuta jinsi ya kujua kosa bila kumuuliza mtu. Haikuwepo. Nikapiga simu.

"Ndeti. Ile saa sita uliyoniambia. Ni saa sita gani?"

"Aki Shem, saa sita ni saa sita. Ya mchana. Si mishale yote inaangalianga juu?"

"Juu?"

"Kitabu inasema twelve. Nikaona nikikwambia twelve utanigombeza, nikakubadilishia kwa Kiswahili yenu. Tangu hiyo Krismasi mlinisema hadi nikajifunza. Kwani wewe uliweka wapi?"

"Chini."

"Aiya! Shem, umewasha?"

"Bado. Nimezungusha kwa mkono, ikakataa."

"Ukalazimisha?"

"Sikulazimisha."

Nilimsikia akishusha pumzi ndefu huko Syokimau, na mimi nikashusha yangu. "Basi hakuna kitu imeharibika," alisema. "Kwa mkono inagusana tu. Ungepiga starta, hapo tungekuwa tunalia saa hii."

Ungedhani ningefurahi nikakata simu. Lakini nilikuwa bado nina neno la kumwambia. Mwishowe nililitoa.

"Ndeti, wewe ulisema sawa. Mimi ndio nilikosea. Nilidhani hujui. Sasa niambie polepole, kama mtoto, nitoe nini kwanza?"

Hakunicheka. Hiyo nitaikumbuka. Aliniambia niirudishe spana taratibu hadi nilipoanzia, nitoe cheni, kisha niirudishe gia ya chini kule ilikotoka bila haraka. Niliweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti imefunguliwa mwisho, na kila hatua nilimuuliza, naye akanijibu, hata yale niliyokuwa nayajua. Alama ilipofika juu nilimwambia, "Saa sita ya mchana." Akasema, "Saa sita ya mchana, Shem." Nikavisha cheni upya, nikashika spana, nikazungusha. Mara ya kwanza ilipita. Mara ya pili ikapita, laini, na alama zote mbili zikarudi zikaangalia juu. Nilipiga kelele hadi mbwa wa jirani akaanza kubweka.

Nilifunga kifuniko, nikaacha silikoni ishike, nikajaza oili. Saa kumi na moja jioni, ile yetu sisi wote, niliingia garini nikageuza ufunguo. Injini ilipiga kelele kidogo oili ilipokuwa inapanda, kisha ikatulia. Ikanguruma kwa upole. Hakuna misumari wala debe. Niliinamisha kichwa kwenye usukani nikamshukuru Mungu, na machozi yalikuja, nayo nikayaacha yaje.

Syokau alitoka jikoni akipangusa mikono kwa leso. Aliweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza kama anavyosikiliza tumbo la ng'ombe, kisha akaja dirishani kwangu.

"Nilikuwa nimeitisha pikapu ya Rodgers inipeleke Mwala," alisema. "Tangu Ijumaa. Sikutaka kukuambia."

Iliniuma, lakini baada ya yote niliyofanya siku hiyo ningemlaumu vipi? "Basi mpigie umwambie asije," nilisema. "Umesikia mwenyewe inavyonguruma."

"Nilishamwambia."

"Saa ngapi? Si nimewasha sasa hivi."

"Saa nane hivi. Nilikuwa hapo kwa dirisha nikakusikia ukimwambia Ndeti akuambie polepole kama mtoto."

"Saa nane? Mama Mwelu, saa nane cheni yote ilikuwa bado inataka kutolewa."

"Najua," alisema, akanyoosha mkono nimpe ufunguo.