Shamba Lililoandikwa Pori

Mzee Sufiani aliisoma barua ile kwa mara ya tatu, akaikunja, akaisukuma chini ya godoro kana kwamba ni mali ya wizi. Chuo kimoja kilikuwa tayari kumchukua binti yake, Husna, kimfundishe kusoma picha za setilaiti na, baadaye, kuziunda setilaiti zenyewe. Kilichotakiwa ni saini ya mzazi tu.

Hiyo "tu" ndiyo iliyomkosesha amani. Pale kwao Chanika, Handeni, alikwisha kuwaona mabinti walioahidiwa kazi nzuri ughaibuni, wakarudi hawataki kusimulia. Husna alimweleza kwa upole kwamba ualimu anaousiwa na shangazi zake haumo moyoni mwake; anga ndiyo aliyoichagua. Kadiri alivyoeleza vizuri ndivyo baba alivyozidi kushuku. Maneno yaliyonyooka mno, aliwaza, yamenyooshwa na mtu.

Alhamisi akapanda basi la Korogwe bila kumuaga yeyote. Anwani ya kwenye barua ilimfikisha Manundu, kwenye chumba kilichopakana na fundi cherehani, ambako alitarajia kukuta kufuli. Alimkuta mama wa makamo aitwaye Paulina, mwakilishi wa chuo. Mzee akamuuliza yote aliyokuja nayo: mabinti hulala wapi, waliotangulia wako wapi, nani huwajibika wakipotea. Paulina akampigia simu mzazi mmoja wa Mombo, akamwachia mzee azungumze mwenyewe. Binti wa Mombo alikuwa salama, tena likizo iliyopita alikuwa nyumbani. Shaka ya Sufiani haikuondoka. Ilihama kiti tu.

Akaomba kuziona hizo picha za setilaiti. Paulina akamgeuzia kompyuta, akaitafuta Handeni. Mzee akaitambua nyumba yake kwa bati lenye kutu, kisha kisima alichokichimba kwa mikono yake. Nyuma ya kisima, shambani mwake, palikuwa na kijani kilichokolea, na juu yake maandishi: pori lisilotumika. Hapo ndipo walipolala wazazi wake.

"Nani kaandika hivi?"

"Mtu ambaye hajawahi kufika kwenu, mzee."

"Na nani huitazama?"

"Yeyote anayetafuta ardhi."

Asubuhi ya pili yake Sufiani alimwongoza Husna hadi nyuma ya kisima. Akayatenga matawi, akamwonyesha mawe, akamtajia waliolala chini yake: babu Mbwana, bibi Hamisa, na mtoto mchanga ambaye hakuwahi kupewa jina. Husna akaandika kila alichoambiwa.

"Kutoka huko juu," baba akauliza, "kaburi laweza kuonekana?"

Husna aliyatazama mawe, mengine yamekwisha kumezwa na nyasi.

"Sijui, baba. Bado sijui."

Tangu barua ifike, hilo ndilo jibu la kwanza ambalo mzee hakuligeuza kutazama upande wake wa pili.

"Basi nenda ukajue," alisema, kisha akainama na kuanza kung'oa nyasi, bila kuinua uso.