Maombi Bila Jina

Dolphine alipofumba macho na kuinua mikono, Molly hakuwa na wasiwasi wowote. Ilikuwa Alhamisi, siku ya maombi ya nyumba kwa nyumba katika kambi ya wachuma chai, na aliyeongoza alikuwa Dolphine kama kawaida, kwa kuwa sauti yake haikuhitaji kipaza.

"Baba, tunakuletea dada mmoja aliye katikati yetu. Sitamtaja jina, wewe unamjua."

"Unamjua, Baba," wanawake wakaitikia.

"Tangu mume wake agongwe na lori, Baba, halali. Kifua kinambana katikati ya majani ya chai, anaona kama anakufa. Anaenda kliniki ya akili, Baba, anameza dawa, akirudi anatuambia alienda kupimwa presha. Juzi alimsahau mtoto shuleni mpaka mwalimu akamleta."

"Mponye!"

Molly alifumbua macho. Wanawake wote walikuwa wamefumba yao, lakini vichwa vilikuwa vimeelekea kwake. Katika kambi nzima, mjane ambaye mumewe aligongwa na lori alikuwa mmoja tu.

Maneno hayo alikuwa amemwambia mtu mmoja duniani. Mashine ya kuchuma chai hushikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, na wakipishana hatua meno yake hung'ata matawi badala ya majani. Kwa miaka Molly na Dolphine walikuwa wameishika pamoja. Siku kifua kilipombana mara ya kwanza, Dolphine ndiye aliyeona mikono ikitetemeka. Alizima injini, akamwambia Kipngeno, mzee aliyeshika mfuko wa majani kwa nyuma, kwamba petroli imeingia maji. Ni uwongo ule uliomfungua Molly mdomo. Mtu anayejua kukufunika hivyo, utamficha nini?

Asubuhi yake walikutana mashineni.

"Umenivua nguo mbele ya kambi nzima."

"Mimi? Nilitaja jina lako?"

"Ulibakisha nambari ya kitambulisho tu."

Kipngeno alicheka puani, kisha akajifanya anakagua mfuko.

"Dada, sasa una kinyongo na maombi?" Dolphine alisema. "Ningenyamaza ndiyo ungejua nakupenda?"

"Ndiyo. Ungenyamaza."

Dolphine akavuta kamba, injini ikanguruma, mazungumzo yakazikwa humo. Walitembea bega kwa bega na mstari wa chai katikati yao. Molly alivuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kama muuguzi wa kliniki alivyomfundisha, na mikono ikatulia. Hata hivyo msimamizi alikuwa amesimama mwisho wa mstari, na hakuwa akitazama majani. Alikuwa akiitazama mikono hiyo.

Jumamosi mama mkwe wake, Mama Jerusa, alifika kutoka Nyakach bila kutuma habari. Begi alilokuja nalo lilikuwa tupu, na Molly akaelewa kabla hata ya kumkaribisha kiti.

"Nimekuja kumchukua mjukuu wangu Ayoo," mama alisema. "Damu ya mwanangu Calvince haiwezi kulelewa na mtu mgonjwa wa kichwa."

"Nani amekuambia mimi ni mgonjwa?"

"Rafiki yako mwenyewe. Dolphine. Alinipigia, akanililia kwenye simu. Anakuhurumia sana."

Tangu yale maombi Molly alikuwa amejaribu kumtafutia Dolphine sababu: labda roho ilimpanda, labda ulimi uliteleza. Lakini simu haipigwi na ulimi ulioteleza. Nambari inatafutwa. Inasubiriwa ilie. Mtu anapata nafasi ya kukata, na hakati.

Kifua kikaanza kubana. Siku nyingine angekimbilia chooni ajifiche. Safari hii aliketi kwenye kigoda mbele ya mama mkwe, mikono magotini, jasho likimtoka, mdomo wazi kama samaki.

"Molly! Niite watu?"

"Hapana, mama. Itapita."

Ilikaa, ikamkaba, ikapita. Molly akajifuta uso kwa leso, akainuka na kuendelea kukoroga uji wa Ayoo, aliyekuwa akicheza nje na wenzake.

"Ni hiyo tu, mama. Umeiona yote. Siku niliyomsahau mtoto nilikuwa sijapata usingizi tangu wiki ianze. Sikatai, lilikuwa kosa baya. Sasa nimeanza dawa, naongea na muuguzi, nalala. Ukitaka kumchukua Ayoo, mchukue kwa ulichoona kwa macho yako, si kwa alichokulilia Dolphine."

Uji ulichemka, ukaepuliwa, ukaanza kupoa, Mama Jerusa bado ametazama mlangoni. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo.

"Hizo dawa. Zinaleta usingizi kweli?"

Molly aligeuka.

"Tangu tumzike Calvince," mama alisema, "mimi nikilala nasikia lori. Kwetu hakuna hata barabara ya lori."

"Mama. Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe ndiye mjane. Mimi nilitakiwa kuwa jiwe."

"Dawa zangu si za kugawana. Jumatano twende kliniki pamoja, wakusikilize na wewe."

"Watu wa nyumbani wasijue."

"Watajulia wapi?"

Mama Jerusa alilikunja begi lake mara mbili na kulisukuma chini ya kiti. "Basi mtoto akae. Mimi ndiye nitakaa na nyinyi kidogo."

Jua lilipokuwa likishuka, hodi ilipigwa. Dolphine, na bakuli la dagaa wa omena lililofunikwa kwa sahani. Molly alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Nimesikia mama amefika, nikasema mtahitaji mboga." Shingo ya Dolphine ilikuwa imeshaingia ndani. "Ayoo anaondoka kesho?"

"Ayoo haendi popote."

"Sifa kwa Mungu! Unaona kazi ya maombi?" Kisha akapunguza sauti. "Na mama mbona macho mekundu? Ana shida? Niambie tu, dada, tumkumbuke Alhamisi."

Huko ndani kijiko kilinyamaza kikombeni.

"Ni moshi wa jiko," Molly alisema. "Mama hajambo."

Alipokea bakuli, kwa kuwa chakula cha jirani hakirudishwi, akasema asante, na akafunga mlango Dolphine akiwa bado amefungua mdomo.