Vifungo Saba vya Koti la Daktari

Jumatatu saa nne asubuhi, fundi cherehani alikuwa akipiga pindo la koti jeupe la daktari wakati tezi ya kwanza ilipomtoka shingoni, ikadondoka mezani. Ilikuwa na matundu mawili katikati. Kufika adhuhuri zilishatoka saba. Akaziosha kwa sabuni, akazianika juu ya taulo, akaendelea na pindo.

Tezi hizo zilimvimba miezi minne nyuma, pamoja na homa. Daktari alizibonyeza kwa vidole viwili, akasema saratani, akamwanzishia dawa kali kabla maabara haijajibu kuhusu kinyama walichomkata. Nywele zikapukutika. Mwanawe wa miezi minane akaachishwa ziwa siku hiyohiyo, akachukuliwa na wifi. Majibu yalifika baada ya wiki moja, yakalala kwenye droo ya daktari, bahasha haijachanwa, hadi Ijumaa iliyopita nesi mgeni alipoikuta akitafuta stepla. Haikuwa saratani. Ulikuwa ugonjwa adimu wa tezi, unaoisha wenyewe. Mgonjwa apewe dawa ya homa na maumivu, apumzike, awe anarudi kuangaliwa.

"Si umepona, mama?" daktari alimwambia. "Mshukuru Mungu."

Hasira ilimjaa fundi mpaka kwenye kucha. Zile tezi alizishona kotini kwa uzi wa viatu, mara mbilimbili, na kila sindano ilimpa raha.

Jumanne daktari, akiwa amelivaa koti lile, akamwambia mzee mmoja kwamba ana saratani, majibu yakiwa bado maabara. Vifungo vikavimba, koti likambana hadi kooni. Mkasi haukuvikata. Akaja dukani mwenyewe, jasho linamchuruzika.

"Fundi, nifungue, tafadhali."

"Tusubiri majibu ya maabara, Dokta."

"Mpaka lini?"

"Mimi nilisubiri miezi minne. Pole."

Alikula na kulala ndani ya koti lile. Wagonjwa walimzoea, wakakaa upande ambao upepo unatoka. Hospitali nayo ikachukua hatua: ikaagiza makoti arobaini ya zipu. Droo ilizidi kujaa bahasha.

Jumamosi fundi alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kumchukua mwanawe. Wifi alimsogeza mtoto mbele. Mtoto akamtazama mgeni, akageuka, akalishika gauni la wifi kwa mikono yote miwili.

"Mama," alisema, uso ameuficha humo.