Hospitali Iliyomo

"Kata kona hapa, dereva," bosi alisema, kiganja kifuani, jasho likimchuruzika shingoni. Hospitali kubwa ilikuwa mkono wa kulia, geti liko wazi. Nilimtazama kwenye kioo.

"Hii haimo, bosi," nikasema, nikanyoosha barabara.

Mimi si msomi. Shule niliiacha mapema, usukani ndio ulionilea. Lakini neno hilo nilifundishwa na yeye mwenyewe. Mke wangu alipoanza kuumwa tumbo, tulikuwa tukipanga chumba nyuma ya hospitali hiyohiyo. Dawa yao ya kusafishia sakafu tuliinusa dirishani. Daktari wa pale alimbonyeza tumbo, akakunja uso, akataka apigwe picha siku ileile. Nikakimbia kwa bosi, maana vipimo vya bima ya wafanyakazi na familia zao aliviidhinisha yeye.

"Mpeleke zahanati iliyomo kwenye bima yetu," alisema, macho kwenye simu. "Kipimo ni kilekile, bei nusu. Nikimhurumia kila mtu, si tutafunga mageti?"

Kwenye hiyo iliyomo, mashine ilikuwepo. Mtaalamu wa kuisoma picha ndiye asiyekuwepo. Alizunguka zahanati nyingi, na kwetu alifika alipojaliwa. Tukawa watu wa kwenda na kurudi. Mke wangu alinitania njiani, "Usinune, baba watoto. Ugonjwa wangu mkubwa, hauonwi na mtu ovyo." Nilicheka ili acheke. Picha ilipokuja kusomwa, uvimbe ulikuwa umeshahamia kwenye ini.

Msibani bosi alikuja na miwani myeusi, akanishika bega: kazi ya Mungu haina makosa. Mungu hakutia sahihi popote.

Basi siku ile alipojishika kifua nilimwendesha taratibu, mashimo yote nikiyakwepa kama nimebeba mayai. Nyuma yangu alihema.

"Dereva, mimi nakufa."

"Tunafika, bosi."

Zahanati ilikuwa imefurika. Muuguzi alimtupia jicho, akamwonyesha benchi. "Kaa hapo, mzee, wenzako wamewahi." Bosi akataja cheo chake. "Hata wenye vyeo wanakaa hapohapo," muuguzi akajibu, akaenda zake. Nikaketi ubavuni mwake, karibu kama ndugu. Mama mmoja mwenye mtoto alimsogezea nafasi. Midomo ya bosi ilikuwa imepauka.

"Unanilipiza," alininong'oneza.

"Nakupunguzia gharama."

Nilitaka afe pale, kwenye benchi lake. Sifichi. Hakufa. Waliupima moyo, wakashtuka, wakaita gari la wagonjwa limrudishe kulekule tulikopita.

Aliporudi kazini hakunifukuza. Angewaambia nini watu, kwamba dereva alifuata utaratibu? Alichofanya ni kuwatafutia wakubwa kadi nyingine, ambayo hospitali kubwa imo. Sisi tulibaki na zahanati yetu na mtaalamu wake wa kuzunguka.

Bado namwendesha. Kubadilisha dereva kunahitaji sababu, na sababu hiyo hawezi kuitamka. Kila asubuhi akishafunga mlango, kabla hata ya salamu, huniuliza leo tunapita njia gani.

Huwa nawasha gari kwanza. Kujibu sina haraka.