Kuku wa Ijumaa

Bwana yangu Kizito anafundisha Kitale. Mimi niko Bungoma na mtoto wetu Tonny. Kila Ijumaa akija namchinjia kuku. Juzi juzi akaanza kuonja kipande kimoja na kusukuma sahani. Ati ameshiba. Ameshiba wapi? Kwetu mume akikataa chakula chako, unajua kuna mwingine anampikia.

Halafu akaacha bia. Miaka kumi na mitano nimemwombea, nimefunga, nimelia mbele ya pasta, wapi! Sasa ameacha tu, hivi hivi. Kitambi kimeisha, suruali amenunua mpya. Anampendezea nani? Wivu ulinishika mpaka nikashindwa kula.

Jumanne nikaenda Kitale bila kumwambia. Kwake kumefungwa. Jirani akanionyesha mlango wa pili: "Mwalimu yuko kwa Jepkemboi."

Heh! Sikubisha hodi. Nikamkuta bwana yangu ameinua shati mbele ya friji, na mwanamke ameshika sindano.

"Nasambu!" Kizito akashtuka. "Huyu ni nesi. Hii ni dawa yangu ya sukari. Nadungwa mara moja kwa wiki, na inataka friji. Si unajua mimi sina?"

Jepkemboi akanieleza pole pole. Dawa inashusha sukari na kupunguza mwili. Hamu ya chakula inapungua, na kuna watu hata ya pombe inawatoka. Presha ya Kizito imeshuka pia. Shida ilikuwa mwanzoni, alitapika sana.

Alitapika, mimi sijui, na huyu ndiye alimshikia beseni!

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu," Kizito akasema. "Ningeanzia wapi kukwambia sitamani kuku wako?"

Sindano imeweza kwa miezi mitatu kile machozi yangu yalishindwa. Nikatoa lile lililonileta.

"Kuku hutamani. Bia hutamani. Na mimi je?"

Jepkemboi ndiye alijibu.

"Wewe? Hamu hiyo haijamtoka, Mama Tonny. Hapa ni Nasambu hivi, Nasambu vile, mpaka anatuchosha."

Nilifurahi, wacha tu. Mashavu yalipata moto. Kisha nikamgeukia huyo nesi.

"Na hayo yote anakwambia saa ngapi?"