Kabureta Aliyowekewa Taban

Kwa miaka miwili pikipiki ya Taban ilikuwa imesimama barazani kwake Mpumudde, mjini Jinja, na kwa miaka hiyo miwili mzee hakuwa na raha. Ilikuwa BSA ya Kiingereza ya mwaka 1957, aliyoiendesha kazini tangu ujana, akapewa siku alipostaafu polisi. Mafundi wa Jinja waliifungia kabureta ya Kichina, kisha ya Kihindi, mmoja hata akathubutu kuifungia ya jenereta. Kila mara ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Vijana wa boda boda walimtania kwamba anafuga kuku juu ya tangi. Alicheka nao, lakini maneno yale yalimkata maini.

Basi barua ilipofika kutoka Mbale, mwaka 1994, nusura aruke. Ilitoka kwa Mafabi, mtunza stoo wa karakana ya polisi enzi zao. "Nimepata kabureta ya asili," aliandika, "ingali ndani ya karatasi yake ya mafuta. Nimekuwekea. Njoo." Taban akaifunga ile mbovu iliyokuja na pikipiki kwenye kitambaa, maana stoo ya Mafabi ilikuwa na sheria moja: hupewi kipya hujarudisha kibovu. Siku ya pili akashuka Mbale.

Alimkuta rafiki yake uani, nyuma ya meza, amevaa koti la kaki la kazini na vifungo vyote vimefungwa. Taban akapanua mikono. Mafabi hakunyanyuka.

"Namba?"

Taban akaangua kicheko. Huyu mtu na mizaha yake! Akapiga saluti, akaitaja namba yake ya polisi. "Naomba kabureta ya BSA, afande."

Mafabi akaanza kuandika, kisha kalamu ikasimama. "Hii namba ya Taban. Wewe umeitoa wapi?"

"Si mimi huyo, bwana!"

"Taban mimi najua. Kijana, nywele nyeusi."

Alisema kwa upole, bila hata chembe ya kicheko usoni. Taban akashusha mkono wa saluti. Mzaha gani huu usiokuwa na mwisho? Au amemkosea nini?

Nabifo, binti wa mwenye nyumba, akaleta chai, akamvuta mgeni kando.

"Mzee, usimkasirikie. Barua aliandika siku nzuri. Siku ingine mimi mwenyewe ananiita mama yake." Akashusha sauti. "Akilala mchana nitakutolea hiyo kitu, jina lako liko juu ya karatasi. Hatajua."

Kabureta ni yake, ameitiwa yeye, jina lake limeandikwa juu ya karatasi. Sasa aichukue kwa mlango wa nyuma? Mtu anaweza kuiba kitu alichowekewa mwenyewe? Akirudi mikono mitupu, pikipiki haitanguruma tena, kwa kuwa ya asili nyingine hakuna, si Jinja, si Kampala.

Akarudi mezani, akakaa, akaifungua ile mbovu, akaiweka mbele ya Mafabi. Uso wake ukang'aa.

"Hii ya Taban kabisa! Ona hapa, mimi nilipiga tupa. Alikuwa na haraka, anaenda kuposa."

"Alikuwa na haraka sana," Taban akasema. Chuma Mafabi amekijua, mtu hamjui.

"Sasa kibovu kimerudi," akajaribu. "Nipe kipya nimpelekee."

"Hapana. Atakuja mwenyewe."

"Hata nikikusihi?"

"Wewe mtu mzuri, naona. Lakini ile ni ya rafiki yangu. Nikimpa mtu ingine, yeye akija nitasema nini?"

Mlangoni Nabifo alikuwa amesimama na kifurushi chini ya khanga, akimwashiria kwa macho. Taban akakitazama kwa uchu usiofichika. Kisha akatikisa kichwa, akaokota kofia yake, akaivaa, akasimama aende zake.

"Unarudi Jinja?" Mafabi akauliza.

"Ndiyo, afande."

"Ukiona Taban, sema kitu yake iko." Mafabi akaifuta ile kabureta mbovu kwa pindo la koti, polepole. "Na sema asichelewe. Siku hizi mimi nasahau."

Taban akaivua kofia, akavuta kiti, akakaa tena. Akamwomba Nabifo amtandikie mkeka; angeingojea siku nzuri.